Nimepanga Mlandizi nafanya kazi Posta, mwaka umeisha: nyumba tamu, LUKU (mita ya umeme) ya kuchangia chungu

Kila nikisema ofisini, huku Posta katikati ya Dar, kwamba naishi Mlandizi mkoa wa Pwani watu wananiangalia kama nimesema naishi Zambia. Alafu swali linalofuata ni lilelile, "kodi shingapi?" Nikitaja wananyamaza kidogo, unaona kabisa mtu anapiga hesabu kichwani. Sasa haya naandika kwa ajili ya hao wa hesabu za kichwani, maana na mimi nilipiga hivohivo, nikajiona mjanja, na hesabu yangu ilikuwa na matundu kama chekeche.

Kabla ya hapo nilikuwa Kimara, chumba na sebule, choo ndani, laki mbili kwa mwezi. Tuko watatu, mimi, mwanangu wa miaka sita na mdogo wangu wa kike anayenisaidia kukaa na mtoto. Usiku sebule inageuka chumba, asubuhi inarudi kuwa sebule, mgeni akija mapema anakuta godoro limeegemezwa ukutani kama linatumikia adhabu. Nikaanza kutafuta vyumba viwili na jiko la kueleweka maeneo yaleyale, naambiwa laki tatu na nusu, na hiyo ya laki tatu na nusu ukienda kuangalia unakuta dirisha la jikoni linatazamana na shimo la choo cha jirani. Kuna dada mmoja tunafanya naye kazi kwao ni Visiga ndo akanambia we acha ubishi, vuka Kibaha, ukishapita Visiga utapata nyumba nzima kwa hela unayolipia chumba.

Na kweli. Apatimenti niliyopata iko Mlandizi, ndani kidogo ukitoka lami upande wa kushoto kama unatokea Dar. Fensi moja, apatimenti mbili zimegeukiana mgongo, uwanja unatosha gari mbili na kamba ya kuanikia. Ndani vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko lenye sinki na makabati, stoo ndogo, choo cha wageni. Tailizi chini, gipsam juu, madirisha ya alminiamu yana nyavu. Laki na nusu. Nilivyoambiwa bei nikauliza mara mbili nikidhani dalali kakosea.

Ngoja niwaelezee huyo dalali maana ni sehemu ya huduma na yeye. Nilimpata kupitia muuza chipsi wa stendi, akadai elfu kumi ya kuonyeshwa kabla hata hatujatoka pale, akanipakia kwenye boda mshikaki, yeye nyuma mimi katikati, tukaondoka hapo kama tunakimbiza harusi. Ilikuwa Jumapili saa tano asubuhi. Kutoka Mbezi kuja huko nilitumia dakika hamsini tu, barabara nyeupe. Tunafika anasema, "Umeona dada angu? Dakika tano tu kutoka lami." Ni kweli, dakika tano za boda anayeendesha kama anadaiwa. Kwa miguu, na begi, na viatu vya kazini mkononi, ni dakika ishirini na tano. Nikafungua bomba la jikoni, maji yakatoka kwa nguvu, nikafungua la bafuni, yakatoka. Nikawasha taa zote. Dalali anacheza na simu yake anasema hii ukilala nayo leo kesho huikuti, kuna mtu wa kule Kwala keshataka kutuma nusu.

Nikalipa. Miezi sita laki tisa, dalali wake laki na nusu, kirikuu ya kuhamisha vitu kutoka Kimara elfu tisini. Mkataba karatasi moja, mwenye nyumba kauprintisha steshenari, una kipengele cha kukataza kutwanga usiku lakini hauna hata mstari mmoja kuhusu umeme wala maji. Nilisoma kipengele cha kutwanga nikacheka, hivyo vingine sikushtuka kwamba havimo.

Nianze na mazuri kwasababu yapo na sio ya kutafuta kwa tochi. Nyumba ni imara, mvua zote za masika haijavuja hata tone. Hewa ya usiku ni nyingine kabisa, feni nazima saa saba usiku navuta shuka, kitu ambacho Kimara sikuwahi kukifanya labda mwezi wa saba. Mtoto anatembea mwenyewe kwenda shule na wenzake, anajua mbuzi wa nani ni yupi, jana kanieleza tofauti ya kambale na perege kama mzee wa kivuko. Samaki hao wanatoka mto Ruvu, mama mmoja anapita nao kwenye beseni jioni. Maziwa yanatoka kwa wafugaji wa hukohuko, kijana anakuja na baiskeli na madumu, unachukua lita yako bado ina uvuguvugu, ukichemsha inaweka utando wa kidole kizima. Mboga sinunui sana, mdogo wangu kalima matembele nyuma ya nyumba na mwenye nyumba hana neno. Msimu wa maembe ukifika hata kununua ni aibu, unapewa.

Kuhusu ulinzi sijaibiwa hata ndala. Mbu wapo na ni wa kazi, ukae ukijua, nyavu za dirishani ukiacha upenyo wa sarafu wameingia ukoo mzima. Kichekesho ni kwamba kile kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kipo Kibaha mjini, karibu tu hapo, ila mbu wa kwetu naona bado taarifa haijawafikia. Jumamosi za baada ya mavuno ni vigodoro mpaka alfajiri, Wakwere na Wazaramo kwenye ngoma hawana utani. Mimi mwenyewe Mzaramo nusu kwa upande wa mama kwahiyo sina pa kulalamikia, nikishindwa kulala natoka naenda kucheza.

Haya, usafiri.

Mlandizi na mjini kati ni kilomita sitini na kitu, na ukiangalia ramani unasema mbona kawaida. Shida haiko kwenye kilomita. Ile barabara pana, yenye njia nane, ya kutoka Kimara inaishia Maili Moja pale Kibaha. Kuanzia hapo kuja kwetu, Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Kongowe, Visiga, ni njia mbili tu, moja kwenda moja kurudi, na humohumo kuna mabasi ya mikoani yote yanayopita Morogoro na malori ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, yote yanayotoka bandarini. Likiharibika lori moja sehemu ambayo bega la barabara ni jembamba basi, mmeandikiwa. Madereva wanazima injini, wauza mahindi ya kuchoma wanatokea sijui wapi, yaani kama walikuwa wanajua.

Ratiba yangu ni hii. Saa kumi alfajiri nimeamka. Saa kumi na nusu boda wangu kafika getini, nimeshafanya nae makubaliano ya mwezi, hapigi honi, anawasha taa mara mbili. Kosta za kwenda Mbezi zinajaza muda huo, nashuka stendi ya Magufuli, napanda gari za Kimara, Kimara nachukua mwendokasi mpaka Posta. Saa mbili kasoro robo nimekaa kwenye kiti changu ofisini nikiwa nimeshachoka, wenzangu ndo kwanza wanakunywa chai wanasimuliana tamthilia ya jana. Jioni natoka saa kumi na moja, nyumbani ni saa mbili na nusu, saa tatu. Saa tano nimelala. Piga hesabu mwenyewe hapo, masaa matano ya kulala, na hiyo ni siku ambayo hakuna lori lililolala barabarani.

Siku moja mwezi wa nne lori la kontena lilikatika katikati karibu na Visiga, mvua inanyesha, tukakaa palepale kuanzia saa mbili mpaka saa tano na nusu. Boda wangu kashalala, wengine pale stendi wanataka elfu nne kwa safari ya buku, nikasema sitoi, nikatembea na tochi ya simu asilimia sita. Nafika saa sita na dakika kadhaa. Mezani kuna ugali na dagaa umefunikwa na kawa, na chini ya kawa, sio pembeni, chini yake kabisa ili nisikose kuliona, kuna daftari la mtoto limefunguliwa kwenye ukurasa wa kusainiwa na mzazi. Lina doa la mafuta ya dagaa. Mwalimu wake kaandika kwa wino mwekundu, "Mzazi, hii ni mara ya tatu."

Ila nisiseme uongo, ile kosta ya alfajiri naipenda. Ni watu walewale kila siku. Kuna fundi cherehani wa Kariakoo, kuna manesi wawili, kuna mzee mmoja mlinzi anayemaliza zamu Mlandizi na kwenda kuanza nyingine Mbezi, sijui analala lini. Siti tunashikiana kwa kanga. Tuna mchezo wa elfu tano kwa wiki humohumo ndani, mweka hazina ni konda, na hajawahi kukimbia na hela hata siku moja. Nilivyofiwa na shangazi walichanga kabla hata ofisini hawajajua.

Kuna wanaoniuliza kwanini sipandi treni ya umeme. Mwendo wa treni hauna mjadala, tangu ilivyoanza safari za Moro Juni 2024 mtu yeyote aliyeipanda anajua. Lakini nauli ya kawaida kutoka stesheni ya Ruvu mpaka Dar ilipangwa 5,000, ya Soga 4,000, kwenda tu hiyo, bado kurudi, bado boda ya kunifikisha stesheni na stesheni sio kwamba iko mlangoni kwangu. Kwa mtu wa mshahara wangu ni usafiri wa Jumamosi nikiwa nimevaa vizuri.

Maji. Hapa ndo nilipoingizwa choo cha kike. Yale maji yaliyotoka kwa nguvu siku ya kuangalia nyumba yalikuwa ya simtanki, lilijazwa asubuhi ile kwa ajili yangu, nilikuja kuambiwa na jirani baada ya miezi miwili tumeshazoeana. Bomba lenyewe lilikuwa limekatwa. Sio kwamba Mlandizi haina maji jamani, mtambo wa Ruvu Juu uko hapahapa, unazalisha lita milioni 196 kwa siku, unasukuma maji kwenda Kibaha, Kibamba mpaka matanki ya Kimara. Yaani maji niliyokuwa naoga Kimara miaka yote yalikuwa yanatoka huku, nimeyafuata mpaka yanapotoka alafu nimeyakosa! Kilichokuwepo ni kwamba mwenye nyumba alikuwa anakusanya hela ya maji kwa wapangaji waliotangulia, elfu kumi kumi, haipeleki, deni likawa deni, bomba likafungwa. Mwezi mzima na nusu tumenunua madumu, shilingi mia tano dumu la lita ishirini likiletwa na toroli, na ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa kama katani. Mwisho nikamwambia mzee nitalipa deni mimi tukatane kwenye kodi, tukaandikishana kwa mjumbe, nikalipa, maji yakarudi siku ya pili yake. Tangu hapo bili inakuja kwenye simu yangu na nalipa mwenyewe. Kwenye maji sasa hivi sina shida hata kidogo, wanaokuja baada yangu watakuta mteremko.

Umeme ndo sijaumaliza mpaka leo na ndo sababu kubwa ya kuandika haya yote, kwahiyo hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Apatimenti mbili, LUKU moja. Dalali alisema "mnachangia tu dada, nusu kwa nusu, jirani yako mstaarabu." Jirani ni mstaarabu kweli, sina baya nae. Ila ana friza mbili. Anauza barafu, lambalamba za ukwaju na ubuyu, maji ya baridi, juisi ya miwa ya kwenye chupa, watoto wa shule na madereva boda wote ni wateja wake. Mimi nina frijia ndogo, tivii, taa na pasi ya mara moja kwa wiki, na nusu ya siku nyumba haina mtu mzima hata mmoja mdogo wangu akienda kwenye kozi yake.

Sasa sikilizeni hii maana wapangaji wengi hawaijui. Umeme wa majumbani una bei mbili. Kama mita yako inatumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi uko kwenye kundi la matumizi madogo, D1, ambapo uniti moja ukijumlisha makato yote ni kama shilingi 122. Ukizidi hapo unaangukia kwenye kundi la kawaida, T1, ambapo uniti ni kama 356. Karibu mara tatu! Na mita haijui kwamba humu ndani kuna familia mbili, yenyewe inaona mtu mmoja anayekula umeme kama kiwanda. Kwahiyo ukichangia LUKU na mtu mwenye friza mbili haumlipii tu umeme wake, unahamia na wewe kwenye bei yake.

Nikachukua karatasi. Mimi peke yangu natumia kama uniti 60. Ningekuwa na mita yangu ni shilingi 7,320, ongeza kodi ya jengo 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU, elfu tisa haifiki. Sasa wote pamoja tunatumia kama 260. Zidisha kwa 356, elfu tisini na mbili na ushee. Gawa kwa mbili, elfu arobaini na sita. Elfu arobaini na sita mimi, kwa frijia ndogo na taa nne! Na hiyo kodi ya jengo yenyewe, inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ni kodi ya mwenye jengo, sio ya mpangaji, mpangaji anapitishiwa tu, kwahiyo mlipaswa kukatana kwenye kodi ya nyumba. Nenda kamwambie mwenye nyumba hivyo uone.

Mimi nilikwenda. Jumapili, nimevaa dera la heshima, nimebeba na maembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, nimekuja kuhusu ile LUKU, naona kama mzigo unaniangukia mimi."

Akaangalia maembe, akaniangalia mimi. "Mwanangu, kwani usiku taa si mnawasha wote?"

Nikamweleza za D1 na T1, nikamtolea karatasi, akaisoma yote, hakuruka hata namba, akaikunja vizuri akanirudishia. Akasema vijana wa siku hizi mna akili sana. Basi, ndo jibu hilo. Nikamwomba basi niweke submita kwa hela yangu ili angalau kila mtu ajue anatumia kiasi gani. Akakataa, anasema mita ndogo nazo zinakula umeme.

Mwezi wa tano akakubali nikaiweka, baada ya mjumbe kuongea nae. Imesaidia, sasa nalipa uniti zangu tu, elfu ishirini na moja na kitu. Lakini angalieni, nalipa uniti zangu 60 kwa 356 sio kwa 122, kwasababu submita inagawa matumizi, haigawi bei. Dawa ni LUKU mbili, na mzee anasema kuvuta mita ya pili ni gharama, tusubiri. Jirani nae siwezi kugombana nae. Mwanangu akitoka shule anapewa lambalamba ya bure kila siku, homa ikimshika ye ndo anampeleka zahanati mimi niko kwenye foleni ya Kongowe. Sasa utamnunia vipi mtu kama huyo kisa uniti.

Turudi kwa wale wa hesabu za kichwani. Nyumba ya aina hii Kimara laki tatu na nusu, huku laki na nusu, umeokoa laki mbili. Safi. Nauli yangu ya siku nzima, boda kwenda na kurudi, kosta, gari za Kimara, mwendokasi, ni kama elfu tano zaidi ya nilivyokuwa natumia nikiwa Kimara. Naenda kazini siku 26 kwa mwezi na Jumamosi ikiwemo, laki na thelathini hiyo imeondoka. Imebaki elfu sabini. Kwa miezi ile kabla ya submita umeme ulikuwa unanila elfu thelathini na saba za ziada. Imebaki elfu thelathini na tatu. Hayo ndo malipo yangu ya kuamka saa kumi alfajiri mwezi mzima, na hapo sijahesabu madumu wala ile elfu nne niliyokataa kutoa nikalowana.

Kwahiyo nikiulizwa kama napendekeza, inategemea unafanya kazi wapi. Kama kazi yako iko Kibaha, Tumbi, Visiga, au hukohuko Kwala, chukua kesho asubuhi, hii nyumba kwa bei hii hautaiona tena na masaa ya kulala utakuwa nayo yote. Kama ni mwalimu wa hapo Mlandizi ndo kabisa, unaishi kama waziri. Kama ni mtu wa Posta kama mimi na una mtoto mdogo, njoo kwanza upande kosta ya saa kumi na nusu Jumatatu mbili mfululizo, alafu Ijumaa jioni moja yenye mvua, ndo utoe hela ya dalali. Na ukija kuangalia nyumba usifungue bomba la ndani, nenda kwenye mita ya maji nje ukaangalie kama inazunguka, alafu hesabu mita za umeme na hesabu milango, zikipishana uliza. Mimi niliangalia gipsam.

Nyumba yenyewe naipa nne kwa tano. Mwenye nyumba nampa mbili, moja ya kwake na moja ya mke wake maana yule mama ni mtu. Usafiri sina namba ya kuupa, konda nampa tano.

Sasa hivi kuna jipya. Tangu bandari kavu ya Kwala izinduliwe rasmi Julai 2025 kila mwenye tofali tatu huku anajiona ana hoteli, madereva na mafundi wanatafuta vyumba, madalali wameongezeka pale stendi mpaka muuza chipsi mwenyewe kawa dalali. Mzee kanipigia wiki iliyopita, kodi yangu inaisha mwisho wa mwezi, anataka laki mbili. Nikamwambia baba, laki na sabini, na uvute LUKU yangu mwenyewe. Kimya. Nikasikia anaongea na mke wake pembeni, mama anasema "si umwekee tu mtoto wa watu." Akarudi kwenye simu akasema atanipa jibu Jumapili.

Nimeshafunga vyombo vya kabatini kwenye boksi mbili. Makochi na kitanda bado sijavigusa, na matembele mdogo wangu kayamwagilia jana kama kawaida.